Mkono wa Kulia Kwanza: Miezi Yangu ya Mwanzo na Rubabu

Miezi minne ya mwanzo ya kufundishwa na mwalimu sikupiga wimbo hata mmoja. Kila usiku baada ya isha nilikaa chini kwenye zulia, mgongo ukiegemea ukuta, rubabu, ala ya nyuzi ya Wapashtuni, juu ya paja la kulia, nikapiga uzi mmoja mtupu, usiobanwa: chini, chini, chini, chini. Mkono wa kushoto haukuwa na kazi ila kuishika shingo ya ala isiyumbe. Kijana wa Kipemba ninayeishi naye chumba kimoja aliniuliza wiki ya pili kama ala imeharibika. Nikamjibu kwamba ala ni nzima, kinachotengenezwa ni mkono.

Nayaandika haya kwa sababu tangu nianze kupiga mbele za watu, Waswahili wenzangu wa huku Ghuba wananiuliza swali lilelile: anayetaka kujifunza rubabu aanze na zoezi gani? Wengi wao ni watu wa taarabu, wamekulia karibu na udi, wanaisikia rubabu ikipigwa na Wapashtuni na moyo unawaenda. Jibu langu ni refu kidogo, na ndani yake mna mzee mmoja wa Swat, bonde la kaskazini mwa Pakistan, ambaye bila yeye nisingekuwa na la kusema.

Wapashtuni wako pande zote mbili za mpaka wa Afghanistan na Pakistan, na kote huko rubabu ndiyo ala ya barazani. Baraza yao huiita hujra: ni nyumba ya wanaume na wageni wao, mahali pa chai, pa kesi za kijiji na pa muziki wa usiku. Mmoja anashika rubabu, mwingine anapiga mtungi wa udongo kwa viganja, wa tatu anaimba. Hawahitaji zaidi ya hapo.

Mwili wa rubabu huchongwa kutoka gogo moja la mforosadi, likatobolewa ndani kama mtumbwi. Tumbo la chini hufunikwa ngozi ya mbuzi, na juu ya ngozi hukaa kidaraja kidogo kinachobeba nyuzi zote. Anayelijua gambusi letu la zamani, lile dogo lenye uso wa ngozi, jamaa ya lile la Yemen, ataitambua sura ya ukoo. Yangu ina nyuzi 19. Tatu ni nene, za nailoni inayofanana sana na mshipi wa kuvulia. Zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama. Hizo ndizo zinazobeba wimbo. Tatu nyingine ni ndefu, za chuma, nazo huvuma chini ya wimbo. Kumi na tatu zilizobaki ni za chuma chembamba, zimepitishwa chini kwenye kidaraja, na kidole cha kushoto hakizigusi kabisa. Ukipiga noti kwenye uzi mnene na noti hiyo ikawa sawasawa, ule mwembamba uliotiwa sauti hiyohiyo unatikisika wenyewe na kuimba. Nimezoea kuziita waitikiaji, kama wale wanaokaa nyuma ya mwimbaji wa taarabu.

Kinachopigia huitwa shahbazi: kipande kifupi cha mbao, mfupa au pembe, kigumu, kisichopinda. Wapiga udi waliozoea risha inayonepa watashtuka mara ya kwanza. Shahbazi haikusaidii kitu. Kila ulichonacho mkononi, kiwe kizuri au kibaya, inakipeleka kwenye uzi kama kilivyo.

Nafanya kazi Sharjah, kwenye ghala la vipuri vya magari yaliyotumika, vile vinavyopakiwa kwenye makontena kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Madereva wa malori wanaokuja getini kwetu, wengi ni Wapashtuni. Mmoja wao alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja aliniuzia rubabu yake kwa bei ya kindugu, nami nikaanza kujifundisha kwa video za mtandaoni. Baada ya miezi minane nilikuwa najua nyimbo tatu. Nilizijua vibaya. Vidole vya kushoto vilikimbilia mahali pake, lakini sauti ilikuwa ya kukwaruza, noti moja kubwa, ya pili ndogo, na bega la kulia lilianza kuuma hata nikiwa kazini nabeba gearboksi. Nikadhani tatizo ni ala.

Mlinzi wa yadi ya jirani alikuwa ndiye yule mzee wa Swat, mwenye ndevu nyeupe, na vijana wa miaka ishirini walimwita Kaka. Mimi nilishangaa: huyu ni rika la babu yao, vipi aitwe kaka? Baadaye nikaelezwa kwamba kwa Kipashto kaka ni ndugu wa baba, amu, na mzee yeyote wa kuheshimiwa huitwa hivyo. Basi nami nikamwita Kaka, kwa maana yao, naye akaniita bacha, kijana. Tulizungumza Kiurdu cha dukani kilichochanganywa na Kiarabu, na pale maneno yalipokwisha tulikuwa na sabr, yaani subira, ambayo kwao na kwetu inatoka chimbuko moja.

Nilimpigia nyimbo zangu zote tatu. Alisikiliza hadi mwisho, akanywa chai yake, akasema: “Mkono wa kushoto unayajua maneno. Mkono wa kulia ndio ulimi, na ulimi wako una kigugumizi.” Akaninyang'anya shahbazi kwa upole, akanionyesha namna ya kuishika upya.

Hapo ndipo mazoezi yangu halisi yalipoanza, na hapo ndipo ningependa kila anayeanza aanzie.

Kabla ya kupiga chochote, kaa. Rubabu inalala juu ya paja la kulia, na kigasha cha mkono wa kulia kinaibana kwa juu ili isiteleze. Kigasha kikishaibana, kinachobaki huru ni kiganja tu, na kifundo kinakunjwa kuelekea ndani, kama shingo ya kuku anayedonoa. Mkao huo mwanzoni unaumiza kidogo kwa sababu hatujauzoea, lakini una sababu yake: mkono mzima haupati nafasi ya kupiga. Pigo lazima litoke kwenye kifundo. Nilipokuwa najifundisha mwenyewe nilikuwa nimeinyoosha mikono kama mpiga gitaa, na nguvu yote ilitoka begani. Kaka alikuwa na kipimo chake. Aliweka vidole viwili juu ya mkono wangu, karibu na bega, nikawa napiga. Msuli ukitikisika, alisema bas, tunaanza upya. Siku ya kwanza sikufikisha mapigo kumi.

Zoezi la kwanza lenyewe ni lile nililolitaja: uzi wa kati, mtupu, mapigo ya kwenda chini pekee. Kaka alinipimia mwendo kwa kupiga goti lake. Nyumbani natumia metronomu ya simu, kipima mwendo, mapigo 60 kwa dakika, pigo moja kwa kila mlio. Dakika kumi, kupumzika tano, dakika kumi tena. Shahbazi inashuka na uzito wake wenyewe, haisukumwi. Baada ya pigo mkono unarudi juu bila kugusa kitu. Kinachosikilizwa ni kwamba pigo la mia liwe sawa na la kwanza. Ninajua linachosha kusoma, achilia mbali kulifanya, lakini ndani ya wiki tatu maumivu ya bega yaliondoka na hayajarudi.

Kisha likaja pigo la kwenda juu. Hapa wengi tunaanguka, kwa sababu wakati wa kushuka shahbazi inabebwa na uzito wa kiganja, na wakati wa kupanda haina wa kuibeba. Ukipiga chini-juu, chini-juu, unasikia wazi: kubwa-ndogo, kubwa-ndogo, kama mtu anayechechemea. Dawa niliyopewa haikuwa kuongeza nguvu ya juu. Ilikuwa kupunguza ya chini mpaka zilingane, halafu kuzipandisha zote mbili pamoja, polepole, wiki baada ya wiki. Nilijirekodi kwa simu, nikaweka simu mfukoni, nikafua nguo, nikarudi kusikiliza nikiwa nimesahau nilianza na lipi. Kama bado ninaweza kutambua lipi la juu na lipi la chini, zoezi halijaisha. Langu lilichukua wiki saba.

Kuna jambo kuhusu zoezi hili nililoelezwa usiku mmoja wa joto, tumekaa nje ya kibanda chake cha ulinzi. Nilimlalamikia kwamba chumbani tunaishi watu wanne na siwezi kupiga baada ya saa nne usiku. Kaka akavua kitambaa chake cha begani, akakikunja, akakichomeka chini ya nyuzi karibu na kidaraja. Akapiga. Sauti yote iliondoka, ikabaki tik, tik, tik ya shahbazi peke yake. “Hivi ndivyo nilivyofanya mazoezi miaka miwili,” akasema.

Swat ya miaka ile, kuanzia 2007 hadi jeshi lilipoingia mwaka 2009, ilikuwa mikononi mwa wanamgambo walioharamisha muziki. Maduka ya kanda na diski yalilipuliwa. Mtaa wa Banr mjini Mingora, uliokuwa mtaa wa wapigaji muziki na wacheza dansi tangu zamani, ulinyamaza, na Januari 2009 mcheza dansi mmoja aliyejulikana sana, Shabana, aliuawa na mwili wake ukaachwa hadharani. Kaka alikuwa amerudi kwao wakati ule kumuuguza mama yake. Rubabu aliificha ndani ya pipa la unga la bati, na usiku aliitoa, akachomeka kitambaa, akapiga uzi usiosikika hadi chumba cha pili.

Alinisimulia hayo bila kupandisha sauti, kisha akarudi kwenye zoezi. Kwa sababu, alisema, aligundua kitu. Kitambaa kikiua sauti, kinachobaki ni mkono wa kulia peke yake, uchi. Waitikiaji hawaimbi, mvumo hauvumi, hakuna uzuri wowote wa kukufichia makosa. Pigo lisilo sawa linajulikana papo hapo. Miaka miwili ile, anasema, ndiyo iliyoufanya mkono wake uwe kama ulivyo. Sikujua niseme nini. Tangu siku hiyo nafanya nusu ya mazoezi yangu na kitambaa chini ya nyuzi, na kila ninapokichomeka namkumbuka mtu anayepiga gizani kwa hofu. Zoezi hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, na sijaliona likifundishwa kwenye video yoyote niliyotazama.

Mzigo huo si wa Swat peke yake. Mjini Peshawar, Pakistan, kulikuwa na mtaa wa Dabgari, ambako wapigaji walikodi vyumba vya ghorofani walivyoviita balakhana, watu wakaja kuwaalika harusini. Baada ya vyama vya kidini kushika serikali ya jimbo mwaka 2002, vyumba vile vilifungwa na wenyewe wakatawanyika. Upande wa Kabul, mtaa wa Kharabat, uliozaa masta wa rubabu kizazi kwa kizazi, uliharibiwa vitani katika miaka ya tisini, kisha Taliban wakapiga marufuku muziki kuanzia 1996 hadi 2001. Waliporudi Agosti 2021, taasisi ya taifa ya muziki ya Afghanistan ilihamisha wanafunzi na walimu wake hadi Ureno. Julai 2023 huko Herat vyombo vya muziki vilirundikwa na kuchomwa moto. Desemba 2024 UNESCO iliiandika sanaa ya kutengeneza na kupiga rubabu kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya Afghanistan, Iran, Tajikistan na Uzbekistan. Nilimsomea Kaka habari hiyo. Akaniuliza kama orodha hiyo inajua kufunga uzi uliokatika, kisha akasema ni vizuri, ni vizuri sana, akatazama pembeni.

Turudi mkononi.

Chini na juu vikishalingana, yanakuja makundi. Muziki wa Wapashtuni na Waafghani unapenda sana mwendo wa sita unaoitwa dadra, na mwendo wa saba unaoitwa moghuli. Kwa mkono wa kulia hii ni kazi nzito kuliko inavyosikika. Ukipiga chini-juu mfululizo kwenye makundi ya tatu, kundi la kwanza linaanza na chini na la pili linaanza na juu, na mkazo unaangukia pigo dhaifu. Kanuni ya Kaka ilikuwa moja: kila kundi lianze na chini. Kwa hiyo dadra inakuwa chini-juu-chini, chini-juu-chini, na pale makundi yanapokutana kuna mapigo mawili ya chini yanayofuatana. Hapo ndipo mkono unakwama. Lazima upande bure, haraka, bila kugusa uzi, ushuke tena kwa wakati. Nililizoea kwanza kwa mdomo, nikiwa natembea kwenda kazini: chini-juu-chini, chini-juu-chini. Kwa moghuli ni tatu, mbili, mbili: chini-juu-chini, chini-juu, chini-juu. Msikilize mpigaji yeyote mzuri wa rubabu na utasikia kwamba ule mruko wake unaofanya mtu atake kuinuka unatoka hapa, kwenye yale mapigo mawili ya chini yanayogusana.

Anayetaka kusikia mkono uliokamilika atafute kanda za Ustad Mohammad Omar wa Kabul, aliyezaliwa 1905 na kufariki 1980, aliyeongoza wapigaji wa redio ya taifa kwa miaka mingi. Mwaka 1974 alialikwa kufundisha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na onyesho alilopiga huko, tabla, ngoma za Kihindi, ikipigwa na Zakir Hussain aliyekuwa na miaka 23 tu, lilirekodiwa na kutolewa miaka mingi baadaye. Mimi nililisikiliza mara ya kwanza nikifuata wimbo. Mara ya pili, kwa amri ya Kaka, nilifuata mkono wa kulia peke yake, na ilikuwa kama kusikiliza mtu mwingine.

Mwezi wa tano niliruhusiwa mkono wa kushoto. Karibu na kichwa cha shingo zimefungwa freti nne tu, vile vizuizi vinavyoonyesha pa kubana, za nailoni, zilizozungushwa na kukazwa kwa fundo. Nilidhani ni chache mno. Kaka akanifanya nihesabu. Katika zile nyuzi tatu za wimbo, kutoka ule mnene zaidi hadi wa kati ni hatua tano za nusu sauti, na kutoka wa kati hadi mwembamba ni tano vilevile. Freti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na hatua ya tano ndiyo uzi unaofuata ukiwa mtupu. Hakuna pengo na hakuna marudio. Nilifurahi kama mtoto, kwa sababu aliyewaza hesabu hii aliiwaza vizuri. Ukitaka kupanda juu zaidi ya freti ya nne kwenye uzi mwembamba, unaingia mahali pasipo na freti, unategemea sikio. Hapo anayeanza hana haja ya kufika bado. Sarodi ya India, ambayo ni mtoto wa rubabu, iliziacha freti kabisa, na hilo linatosha kukuonyesha ugumu wake.

Ngazi ya sauti aliyonianzishia ni ya Bairami, ambayo Wahindi huiita Bhairavi, ngazi yenye huzuni tamu ambayo masikio yetu ya pwani hayaioni ngeni. Tulifanya uzi mnene mtupu uwe nyumbani, yaani sauti ya kuanzia na kurudia. Kwenye uzi mnene: mtupu, freti ya kwanza, freti ya tatu. Kwenye wa kati: mtupu, ya pili, ya tatu. Kwenye mwembamba: mtupu, na ya pili, umefika nyumbani ya juu. Sauti nane, na nyuzi zote tatu zikiwa tupu zimo ndani ya ngazi, kwa hiyo mkono wa kushoto unapata kupumua kila unapovuka. Shahada inashika freti ya kwanza na ya pili, kidole cha kati kinashika ya tatu. Unabana nyuma kidogo ya freti, kwa ncha ya kidole, si kwa tumbo lake.

Panda na kushuka, kila sauti mapigo manne. Kisha mapigo matatu, kwa kanuni ya chini-juu-chini. Kisha mawili. Pigo moja kwa kila sauti huja mwisho, kwa sababu moja ndiyo ngumu. Baada ya hapo minyororo: moja-mbili-tatu, mbili-tatu-nne, tatu-nne-tano, mpaka juu, na kurudi. Nilitaka kukimbia. Kaka alinizuia kwa njia ambayo sikuitegemea: kila nilipofika kwenye sauti aliyoitaka, aliniambia nizime uzi kwa kidole nisikilize kinachobaki.

Hili ni zoezi la masikio na nakusihi usiliruke. Piga sauti moja, zima uzi wa wimbo mara moja. Kama ulibana mahali pake na mwitikiaji wake umekazwa sawasawa, sauti inaendelea kuelea hewani, nyembamba, kama imebaki chumbani baada ya mwenyewe kutoka. Kama kuna kosa, kimya. Ala yenyewe inakusahihisha. Siku za mwanzo nilikata vipande vidogo vya karatasi, nikaviweka juu ya waitikiaji, nikapiga ngazi: kila uliposikia sauti yake, uzi ulikitupa kipande chake chini. Yule kijana wa Kipemba aliacha simu akaja kukaa karibu, tukawa tunapiga pamoja, mimi na yeye na karatasi.

Gharama yake ni kwamba waitikiaji 13 lazima walinganishwe kila siku. Sharjah ya Agosti ni mtihani kwa ngozi ya mbuzi. Nje unyevu unailegeza, ndani kiyoyozi kinaikaza, kidaraja kinapanda na kushuka nayo, na nyuzi zote 19 zinakwenda nacho. Kaka aliniruhusu kuchukua sauti moja tu kwenye programu ya simu, ile ya nyumbani; zilizobaki nizitafute kwa sikio, nikilinganisha kila mwitikiaji na sauti yake kwenye nyuzi za wimbo. Mwanzoni ilinichukua dakika 50 na nilikuwa nalia kwa hasira. Sasa ni dakika 15. Nimekuja kukubali kwamba kulinganisha nyuzi ni zoezi kama mengine, na muda wake unahesabiwa ndani ya muda wa mazoezi.

Zoezi la mwisho nitakalolieleza limenigusa kwa sababu nyingine. Wapashtuni wana ushairi wa mistari miwili, tappa, wengine huuita landay. Mstari wa kwanza una mizani 9, wa pili 13, na wa pili huishia kwa sauti ya “na” au “ma”. Mara nyingi ni maneno ya mwanamke: mapenzi, vita, mume aliyekwenda nchi za watu kutafuta riziki. Sisi tuliolelewa na mizani nane kwa nane tunausikia kama mtu anayevuta pumzi fupi kisha ndefu. Kaka aliniambia nipige tappa bila wimbo, kwenye uzi mmoja, pigo moja kwa kila mizani: 9, kimya kifupi, 13. Mkono ujifunze kusema. Lakini maneno ya Kipashto yalinitoka mdomoni yakiwa yamevunjika, mizani ikapotea. Akauliza, kwani lugha yako haina maneno?

Basi nikakaa usiku mmoja nikatunga ya kwangu, nikihesabu kwa vidole:

Nimeiacha taa yangu
yawaka, ukichoka njia, njoo tena.

Nilimpigia mapigo kwanza bila kumwambia maneno. Alihesabu kwa ushanga wa tasbihi yake, 9, kisha 13, akatikisa kichwa. Nikamwambia maneno, nikayafasiri nilivyoweza. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema salamu ambayo Wapashtuni humwambia yeyote wanayemkuta kazini au njiani, staray ma she, usichoke. Jibu lake nalijua, nikalijibu: khwar ma she, usiwe fukara.

Kaka alistaafu, akarudi Swat mwaka jana. Kabla hajaondoka alinionyesha mwanzo wa parandkari, ule ufundi wa kurukia uzi mmoja mwembamba ulioinuliwa kidogo kwenye kidaraja, ukapigwa katikati ya noti za wimbo hadi ikasikika kama wapo wapigaji wawili. Bado niko mwanzo kabisa wa hilo na sitajifanya kulifundisha. Kila mwisho wa mwezi namtumia sauti kwa simu, dakika tatu, nne: ngazi ya Bairami, minyororo, moghuli kwa mapigo 72. Anajibu siku hiyohiyo au baada ya wiki, kutegemea umeme wa kijijini.

Mwezi uliopita nilimtumia zoezi ambalo mimi mwenyewe nililipenda. Mkono ulikuwa mwepesi, mapigo yalilingana, chini na juu hazikutambulikana. Jibu lilikuja asubuhi nikiwa getini napokea kontena. Sauti yake, jogoo nyuma yake, na maneno machache. Mkono ni mzuri, bacha, alisema. Lakini kila unaposimama kwenye uzi mwembamba mtupu, hakuna anayekujibu. Mwitikiaji wa saba ameshuka.

Nilirudi chumbani jioni, nikakaa kwenye zulia, nikaipiga sauti ya saba, nikauzima uzi. Kimya. Nikamshika yule mwitikiaji, nikakigeuza kigingi chake kidogo tu.